Nyumba aliyoijua Bibi kwa nyayo

Bibi yangu haoni. Ni miaka 11 sasa, presha ya macho ilimla taratibu, jicho la kulia kwanza halafu la kushoto, na kwa vile ilikuja polepole na yeye si mtu wa kulalamika, sisi tulikuja kujua mambo yameshaisha. Na sababu kubwa ya kuchelewa kujua ilikuwa ni nyumba. Ndani ya nyumba yake pale Mkunazini, Unguja, alikuwa anapanda ngazi, anashuka, anaingia jikoni, anatia maji kwenye birika, anamimina chai bila kumwaga tone, ukipiga hodi anakutaja jina kabla hujasema neno la pili. Nani angedhani? Mpaka alipokuja Dar kwenye harusi, akaingia sebuleni kwa mjomba, akasimama pale mlangoni mkono mmoja mbele kama mtu anayetafuta kamba gizani, na hapo ndo tukaelewa wote kwa pamoja. Hakuna aliyesema kitu. Mama alikwenda kulia jikoni.

Mi nachora ramani za nyumba, ndo kazi inayonilisha hapa Dar, na miaka yote niliyochora sijawahi kuulizwa na mteja hata mmoja nyumba yake itakuwa na sauti gani. Wanakuja na picha kwenye simu. Nataka dari kama hili, nataka tailizi zinazong'aa kama hizi, nataka jiko liwe wazi lionekane toka sebuleni. Nawachorea, nawageuzia kwenye kompyuta wanaiona nyumba kabla hata msingi haujachimbwa, jua linaingia, makochi yamepangwa, wanafurahi na mimi nafurahi. Yote ni macho. Na sikuona kama kuna kitu kimekosekana hapo mpaka Bibi alipokuja kuishi na mimi.

Ila kwanza nyumba yenyewe, maana bila kuielewa ile huwezi kuelewa kilichotokea.

Ni nyumba ya mawe kama zilivyo nyingi Mji Mkongwe, kuta za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba sisi tulipokuwa wadogo tulikuwa tunakaa ndani ya dirisha, wawili wawili, miguu tumeikunja. Vyumba vyembamba na virefu. Watu wengi hushangaa kwa nini vyumba vya zamani vya pwani, iwe Unguja, iwe Lamu, iwe Mombasa, vyote vina ule wembamba, na jibu ni mti. Dari limelala juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ukiivusha mita mbili na nusu, tatu hivi, inaanza kulemewa, kwa hiyo urefu wa chumba utaamua mwenyewe lakini upana anaamua mkoko. Hili nilifundishwa chuoni kama habari ya ujenzi, nikaandika kwenye daftari, nikafaulu mtihani. Bibi ndo alinionesha maana yake. Kwenye chumba cha upana ule, simama katikati, piga hatua moja, nyoosha mkono, umegusa ukuta. Popote ulipo ndani ya nyumba ile huwi mbali na ukuta. Mtu asiyeona ndani ya chumba kama kile ni kama mtu anayeogelea karibu na ufukwe, akichoka anasimama.

Halafu sakafu. Siku hizi neno sakafu ni chochote unachokanyaga, lakini sakafu ya wazee ilikuwa chokaa na kokoto za matumbawe, watu wanajipanga wanaitwanga kwa vipande vya miti, siku na siku, wanaimba huku wanatwanga mpaka inashikana. Ile ya Bibi ilikuwa imeshakanyagwa na vizazi, imelainika kama kiganja. Na ilikuwa imelika. Kulikuwa na njia, huioni kwa macho lakini ukivua viatu unaihisi, inatoka chumbani inapita ukumbini inafika kwenye ngazi. Ngazi ni 12, na ya saba ilikuwa na bonde, pale katikati ambapo kila mtu huweka mguu. Sisi watoto tukishuka mbio tulijua kabisa hapa mguu unazama kidogo. Bibi naye, ile ya saba ndo ilikuwa inamwambia umevuka nusu, zimebaki tano.

Nikimuuliza anajuaje kuna mlango uko wazi na hajaugusa, alikuwa anajibu, "Mjukuu wangu, ukuta unakuja usoni. Pakiwa wazi usoni panakuwa pepesi." Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe lilishachunguzwa zamani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani mwaka 1944 walichapisha majaribio yao na watu wasioona ambao na wao walikuwa wanaapa kabisa kwamba ukuta wanauhisi kwenye ngozi ya uso. Wakawatembeza kwenye mazulia bila viatu ili hatua zisilie, wakawaziba masikio, na watu wakaanza kujigonga ukutani. Yaani ilikuwa ni sikio. Hatua yako inatoa sauti, sauti inapiga ukuta inarudi, sikio linapokea, ila mwenyewe unaona kama uso ndo umehisi. Na wewe unayeona unayo hiyo hiyo, ingia nyumba tupu iliyohamwa halafu uniambie kama hukujua ni tupu kabla hujaangalia.

Sasa, mwaka ule masika yalikuwa makubwa, boriti tatu za chumba cha juu zikaonekana zimeliwa na mchwa, na fundi akasema paa lote lazima lifunguliwe, mtu asikae. Ikaamuliwa Bibi aje kwangu. Mi naishi fleti ghorofa ya sita, na nitasema ukweli nilikuwa najivunia sana ile fleti. Nyeupe, safi, sebule pana inaungana na jiko, dirisha kubwa linaangalia mji. Nilimpa chumba kizuri kuliko changu.

Akaingia, akavua viatu, akasimama. Akasema "Hapa pana mwangwi." Basi, hakusema zaidi.

Usiku wa pili niliamka kwa adhana ya alfajiri, nikatoka kwenda kunywa maji, nikamkuta jikoni. Amesimama, ameshika kishikio cha friji kwa mikono miwili, kanga imemteleza begani. Aliamka saa nane usiku kwenda msalani, akapotea kwenye ile sebule pana, akazunguka, akaja akashika friji kwa sababu lilikuwa linanguruma na ndo kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho. Akakaa hapo. Hakuniita, hakutaka kuniamsha, eti nina kazi asubuhi. Miguu ilikuwa imemganda kwa zile tailizi. Nilimpeleka kitandani nikamsugua nyayo kwa mafuta ya nazi, na nikawa siwezi hata kumtazama, ingawa yeye hanioni.

Siku zile ndo nikaanza kuichunguza fleti yangu upya, usiku, taa nimezima, nimefumba macho, natembea.

Kitu cha kwanza, iko sawa kila mahali. Chini tailizi ileile chumbani, sebuleni, jikoni, msalani, mguu haupewi habari yoyote. Na tailizi ile ni baridi lakini si kwamba ni baridi kweli, vitu vyote ndani ya chumba kimoja vina joto karibu lilelile, mkeka na tailizi, tofauti ni kwamba tailizi inauvuta moto wa mguu wako haraka na mkeka hauvuti. Kijana katika joto la Dar anaipenda hiyo, mi mwenyewe nilikuwa nalala chini Februari. Mzee mwenye baridi yabisi inamuumiza mpaka kwenye magoti.

Halafu sauti. Tailizi chini, jipsamu juu, kioo, ukuta uliopigwa rangi inayong'aa, vyote hivi havimezi sauti, vinairusha. Hatua moja ya Bibi ilikuwa inamrudia kutoka pande nne, na sikio lililozoea kuambiwa ukuta uko hapa likawa linaambiwa uko hapa, na hapa, na hapa. Kuna mwalimu mmoja wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, mwaka 1895 alipewa kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambao mtu akiongea hasikiki kwa mwangwi. Alichofanya ni kuchukua matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine, kuyahamishia mle usiku wakati mji umetulia, anaongeza matakia anapima mwangwi, anaongeza anapima, asubuhi anayarudisha. Humo ndo ikatoka hesabu ambayo mpaka leo wachoraji wa kumbi wanaitumia. Nami nilifundishwa hesabu hiyo, lakini tuliambiwa ni ya kumbi na misikiti na studio, hakuna aliyetuambia kwamba sebule nayo inazungumza na mtu.

Kilichonitesa zaidi ni kibla. Kutoka kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, na kule nyumbani Bibi alikuwa hana haja ya kuelekezwa, anajua ukuta upi ni upi, anajua adhana ya msikiti wa nyuma inaanza kabla ya ule wa mbele, na miezi ya kaskazi upepo wenyewe unamuingilia dirishani unampiga usoni akisimama kuswali. Miezi yote alikuwa anaijua kwa dirisha, likipuliza hili ni kaskazi, likipuliza lile ni kusi. Kwangu adhana ilikuwa inatoka chini huko mtaani, inapiga jengo la mbele, inarudi, kwa hiyo msikiti ulioko kusini yeye anausikia kaskazini. Siku tatu nzima aliswali kaelekea jikoni. Nilipomwambia alinyamaza muda mrefu halafu akasema, "Sijawahi kupotea kibla tangu nizaliwe."

Upepo hakuna pia. Fleti ina madirisha upande mmoja tu, na upepo usipokuwa na pa kutokea hauingii, hata ufungue vipi. Nilijua hili, kila mchoraji analijua, lakini unajiambia kuna feni, kuna kiyoyozi. Bibi jioni lazima afukize ubani, tangu nina akili magharibi ikikaribia anatia makaa kwenye chetezo anapita chumba kwa chumba. Kule moshi ulikuwa unapanda unatokea uani, unabaki na harufu nyepesi tu kwenye mapazia. Kwangu moshi uliganda. Macho yakaniwasha, ukatoka kwa chini ya mlango, jirani akapiga simu kwa mlinzi kwamba kuna kitu kinaungua. Bibi akakiweka chetezo chini ya kitanda na hakukigusa tena wiki mbili.

Na harufu ndo kitu ambacho naona tunakidharau kuliko vyote. Unachokiona na unachokisikia hupita kwanza kwenye kituo ndani ya ubongo kabla ya kusambazwa, harufu yenyewe inakwenda moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia. Ndo maana unanusa asumini au mvua kwenye vumbi na machozi yanakutoka hujajua hata kwa nini. Fleti yangu ilikuwa inanukia rangi na sabuni ya kusafishia sakafu. Safi, ndiyo, lakini ni harufu ambayo haina mtu ndani yake.

Dada zake walikuwa wanampigia simu. "Uko wapi siku hizi?" Namsikia anajibu, "Niko kwa watu."

Kwa watu. Mimi ni mjukuu wake, alinilea mpaka darasa la nne. Iliniuma, na nilikaa nayo siku kadhaa kama lawama, mpaka nikaelewa kwamba hazungumzii mimi. Anazungumzia nyayo zake, pua yake, sikio lake, hivyo vyote vilikuwa ugenini hata kama moyo wake uko kwangu. Mi naamini kabisa mtu anakuwa mwenyeji wa mahali kwa mwili kwanza, na mwili haudanganyiki kwa rangi nyeupe wala kwa kuambiwa karibu jisikie uko nyumbani.

Basi tukaanza. Nilikwenda Kariakoo nikanunua mikeka ya ukindu, mirefu, nikaitandika kutoka mlango wa chumba chake mpaka msalani, mmoja ukimalizika mwingine unaanza, kwa hiyo akiwa nje ya mkeka anajua ametoka njiani. Wa kuswalia nikaushonea mshono mnene ubavuni, mshono ukiwa kulia uso umeelekea kibla. Sebuleni nikatoa meza ya kioo, nikaweka zulia zito na mito na mapazia ya kitambaa kizito badala ya yale mepesi, na mwangwi ukapungua siku ileile, nikapiga kofi nikasikia kofi moja tu. Saa ya ukutani ya mshale nikaitundika jikoni, ile inayolia tik tik, redio ndogo sebuleni kwa sauti ya chini, hivyo akisimama popote saa iko upande huu redio upande ule anajua yuko wapi. Kitasa cha msalani nikakifunga kipande cha kanga. Mama akaleta mtungi kutoka Unguja, Bibi akaufukiza mwenyewe kwa ubani kabla ya kutia maji, ukakaa kwenye kona ya jikoni na ile harufu ya udongo ulioloa. Alipokunywa kata ya kwanza alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia anacheka tangu aje.

Na chetezo tukakiweka karibu na kibaraza cha nje, mlango wa fleti tunauacha wazi nusu saa ili upepo upate njia. Kumbe huo mlango wazi ndo ulifanya kazi kubwa kuliko vyote. Bibi akaweka kigoda pale mlangoni kwenye korido, karibu na lifti, kila jioni. Wiki ya kwanza watu wanapita wanasema shikamoo wanaingia lifti. Wiki ya tatu alikuwa anawajua kwa viatu, huyu kisigino, huyu ndala, huyu anaburuta, "Leo umechelewa, foleni?" na mtu anasimama, lifti inaondoka anaiacha. Yule jirani wa moshi ndo akawa wa kwanza kuja na kigoda chake, na kopo la visheti. Miaka minne nimeishi kwenye jengo lile sikuwa najua hata jina lake.

Baraza ndo hiyo, wala haina siri. Mji Mkongwe nyumba nyingi zina lile benchi la jiwe nje limeungana na ukuta, kijia ni chembamba kivuli kimejaa mchana kutwa, jiwe linakuwa baridi kwa mapaja, muuza kahawa anapita anagonganisha vikombe, tik tik tik, unakaa. Mtu aliyeliweka benchi lile aliuliza mwili unataka nini saa kumi alasiri.

Sisemi maghorofa hayawezi kuwa kwao mtu. Nina shangazi Michenzani, kulekule Unguja, kwenye yale maghorofa marefu yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na ukimwambia ahame atakufukuza. Lakini nenda uone walichokifanya wenyewe, chini kote watu wamekaa, kuna bao, kuna biashara, kuna sauti za kuitana kutoka juu. Na Forodhani, ile bustani ya pwani pale Mji Mkongwe, ilipofanyiwa ukarabati ikafunguliwa upya 2009 wengi tuliogopa kwamba itakuwa bustani ya kutazama tu, lakini ule moshi wa mishkaki ukarudi, ukuta wa kukalia upo, watoto bado wanajirusha baharini, ukipelekwa pale umefungwa macho utajua uko wapi.

Alikaa kwangu miezi minane. Nyumba ikaisha, tukapanda boti.

Hapa naandika kitu ambacho kinaniuma. Wakati wa ukarabati mimi ndo nilikuwa nasimamia kwa simu. Fundi alikuwa kijana mzuri, mchapakazi, anatuma picha kila jioni. Akashauri madamu tumefungua paa tuiweke nyumba vizuri kabisa, ukumbi tupige tailizi, kuta tupige plasta ya simenti na rangi ya kufutika, ngazi tuzisawazishe mzee asije akajikwaa. Alikuwa anamfikiria Bibi. Na mimi, niliyekuwa nimekaa miezi yote ile nafumba macho usiku kwenye fleti yangu nikijifunza, nikaangalia picha kwenye kioo cha simu, ukumbi mweupe, unang'aa, nikajibu safi sana. Niliiona kwa macho nikaipitisha kwa macho.

Tuliposhuka Malindi, bandarini Unguja, ilikuwa msimu wa karafuu, harufu imetanda bandari nzima, Bibi akavuta pumzi akasema alhamdulillahi tumefika. Sokoni Darajani alitaja kila kitu, hapa samaki, hapa viungo, hapa wanakaanga. Kwenye kijia chetu aliniachia mkono akawa anatembea mbele yangu, vidole vinapapasa ukuta. Mlango akaufungua mwenyewe. Akaingia hatua mbili.

Akasimama. Mkono mmoja mbele.

"Hii nyumba ya nani?"

Nikamwambia Bibi ni kwako, tumetengeneza. Akageuka akaweka kiganja ukutani, akakitembeza juu, akakitembeza chini, akakinusa. "Mmeuvika nguo ya mpira," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndo lilikuwa baya zaidi. Akaanza kupanda, anahesabu kwa sauti ya chini, na kwenye ya saba mguu ulishuka kutafuta lile bonde, ukakuta jiwe limejaa, ukagonga, akayumba. Nilikuwa nyuma yake, nilimdaka.

Lile la mpira alikuwa sahihi hata kiufundi. Ukuta wa matumbawe unanyonya unyevu kutoka ardhini na kwa mvua, na chokaa inauacha unyevu utoke, ukuta unapumua. Simenti inaziba. Unyevu unabaki ndani unahangaika, rangi inafanya malengelenge, plasta inabanduka na jiwe, na ndani ya masika moja ukumbi wetu ulikuwa umeshaanza kutoa madoa. Tungebomoa tu hata kama isingekuwa kwa ajili ya Bibi.

Tukamtafuta fundi mzee anayejua chokaa. Zile tailizi zilipong'olewa nilikuwa na matumaini kwamba chini nitaikuta ile sakafu ya zamani, lakini ilikuwa imetinduliwa yote kwa nyundo ili simenti ishike. Ile njia kutoka chumbani mpaka kwenye ngazi haipo tena, na hakuna fundi wa kuirudisha. Sakafu mpya ya chokaa ilichukua wiki nyingi, na mzee yule alikuwa kila akimaliza kipande anamwita Bibi aje akanyage, wanabishana, hapa panakwaruza, hapa pamekaa, anarudia. Plasta vilevile. Jikoni tumeziacha tailizi maana Bibi mwenyewe alisema zinafaa kwa maji.

Tangu hapo wateja wangu nawauliza maswali ambayo wengine wanayaona ya ajabu. Upepo utatokea wapi. Mama yako akija akavua viatu atakaa wapi, mguu wake utakanyaga nini. Jioni mnafukiza? Ukiwa chumbani unataka kusikia nini, mvua, watu, au kimya. Wengine wananijibu tunataka kama kwenye picha tu, na nawachorea, lakini madirisha ya pande mbili sikubali kuyaondoa.

Ile ngazi ya saba fundi mzee alijitolea kulichonga bonde upya. Alishika patasi kabisa. Bibi akamkatalia, akamwambia bonde lile halikuchongwa, lilikanyagwa, wewe niachie. Kwa hiyo iko sawa sasa, imenyooka kama zenzake, na ni mwaka wa pili huu. Nikienda Unguja mwisho wa wiki nakaa jikoni chini, mchana, nakuna nazi, yeye anapanda kwenda kuswali. Anashika ukuta, nyayo zinasikika kidogokidogo kwenye chokaa, sita za kawaida, halafu mmoja unagonga kwa nguvu kidogo kuliko mingine, bado unashuka kutafuta. Nausikia ule mgongano wa mguu na jiwe, najua yupo ya saba, zimebaki tano.